Chumba Kisichokanyagwa

Sydney, 3 Machi 1991

Shangazi Pare,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Baba ameniandikia kutoka Hastings kwamba ulipanda juu ya paa mwenyewe kupigilia bati, na sikushangaa hata kidogo. Huku tu wazima. Joto bado halitaki kuondoka, na mwenzangu tunayeishi naye amefuga kasuku anayepiga mluzi alfajiri. Kazi zangu ni za leo zipo kesho hazipo: nabeba nyaya, napika chai, nashika taa. Huko ndiko kujifunza filamu.

Utasema salamu zangu fupi kwa sababu nina la kuomba. Ni kweli, ninalo.

Shangazi, nimepata! Watu mia mbili waliomba, bodi ya filamu imechagua wanne, na mimi ni mmoja wao. Wamenipa kamera, watu watatu wa kufanya nao kazi, na ruhusa ya kutengeneza filamu ya dakika ishirini. Ni ya kutisha, ya nyumba yenye mzimu, kama zile tulizokuwa tunazitazama mimi na wewe Jumamosi saa nane mchana, mapazia yamefungwa, kwa sababu usiku ulikuwa huthubutu. Kwenye fomu waliuliza nitapigia picha nyumba gani. Nikaandika bila kufikiri: nyumba ya marehemu Bibi Ripeka, bondeni kwetu Te Kōpua. Nikabandika na picha yake.

Sharti ni moja. Lazima tuwe tumemaliza kupiga picha kabla ya mwisho wa Novemba, katika nyumba ileile iliyo kwenye fomu. Nisipoipata, nafasi inakwenda kwa mtu wa tano. Funguo unazo wewe. Nakuomba siku nne tu.

Najua sikuja kumzika Bibi. Homa ile ilinilaza wiki nzima, nilikueleza. Nikija nitapalilia na kaburi lake.

Mtoto wako,
Mereana

*

Te Kōpua, 21 Machi 1991

Mereana,

Marahaba. Goti ni goti, halina habari mpya. Viazi vitamu vimetoka vikubwa mwaka huu, kimoja nilikibeba kwa mikono miwili. Tūroa wa ng'ambo ya kijito aling'olewa jino, akakatazwa kuongea siku tatu, na bonde zima likapumzika. Mchungaji Kereama anakusalimu, anauliza kama huko Sydney kuna kanisa au kuna fukwe tu.

Barua yako niliisoma kwa sauti dukani, mbele ya wateja, najidai. Nilipofika mahali pa kuomba nyumba nikaikunja.

Nyumba haiwezekani, mwanangu. Sakafu ya ukumbi imeoza, mtu mnene atatumbukia. Darini possamu, wale wezi wa mitini wenye mkia wa manyoya, wamezaliana, wanakojoa mpaka kwenye kuta. Kuna banda la Tūroa la kukatia kondoo manyoya, lina giza zuri na linanuka vya kutosha. Andika bodi yako wabadilishe.

Lakini kwa hiyo filamu umechagua vyema. Nakuambia mimi ninayelinda rafu ya video ya duka hili mwaka wa saba sasa. Kanda za watu wenye mapanga zinarudi zimetazamwa nusu. Za nyumba za mizimu zinarudi zimechakaa, tena wanaozichukua ni walewale kila wiki, na kinara wao ni Tūroa, anayesema anamchukulia mkewe. Nimeshawaza sana kwa nini. Mwenye panga akikukimbiza porini, unakimbilia nyumbani. Sasa nyumba yenyewe ikikukataa, utakimbilia wapi? Ndiyo maana watu wanakaa wameshikana mikono, wanataka kujua.

Bibi yako alikuwa akipita nyuma yetu na kikapu chake cha nguo, unakumbuka? Anasimama, anatazama wale Wapakeha, Wazungu wa watu, wanavyopiga kelele ngazini, halafu anasema, "Hao watu mbona hawamuulizi anataka nini?" Kisha anakwenda zake kuanika.

Kula vizuri.

Shangazi yako,
Parehuia

*

Sydney, 9 Aprili 1991

Shangazi,

Shikamoo tena. Mchungaji mwambie kanisa lipo, nami napita mbele yake kila siku. Pole na jino la Tūroa. Kasuku amejifunza kuiga simu, sasa tunainuka bure mara kumi kwa siku.

Sakafu nitaitengeneza. Mmoja wa wenzangu ni fundi seremala. Possamu tutawahamisha kwa adabu. Banda la Tūroa sitaki, Shangazi. Kwenye banda hakuna mtu aliyeishi, na mahali pasipoishi mtu hapatishi, hilo umenifundisha mwenyewe.

Hadithi yenyewe ni hii. Familia ya Auckland inanunua nyumba ya zamani bondeni kwa bei ya kutupa. Usiku wanasikia mtu jikoni anachemsha maji. Vikombe vinahama. Mwishowe mzimu wa bibi kizee unatokea ngazini, wanakimbia, na nyumba inawaka moto. Usiogope, moto ni wa kuigiza. Hata rangi ya ukuta haitaungua.

Niambie ndiyo.

Mereana

*

Te Kōpua, 30 Aprili 1991

Mereana,

Marahaba. Tumezika ng'ombe wa Kereama aliyekula kamba. Baba yako alipita hapa Pasaka, amekonda, nikamlisha nyama ya kuchemsha na mboga za mwituni mpaka akaomba msamaha.

Nyumba ya Bibi yako haina ngazi. Sijui huyo mzimu wako atatokea ngazi ipi.

Tena nimepangisha. Kuna mwalimu mgeni amekuja, anakaa humo tangu juma lililopita, ni mtu wa vitabu, hapendi kelele.

Na hadithi yako, nisamehe, ni ile ya kwenye kanda zote. Wananunua rahisi, wanashangaa, wanakimbia, nyumba inawaka. Wenzetu wao hukimbia nyumba. Sisi je? Umekulia hapa. Mtu akifa tunafanya nini tukitoka makaburini? Mchungaji anatangulia, ukoo unafuata, tunapita chumba hadi chumba kwa sala na maji ya kunyunyiza, tunaikanyaga nyumba yote, halafu tunakaa humohumo tunakula mpaka vifungo vinakatika. Marehemu anakwenda zake kwa amani, sisi tunarudishiwa nyumba yetu. Hilo halimo katika karatasi zako. Kwa nini halimo?

Parehuia

*

Sydney, 2 Juni 1991

Shangazi,

Shikamoo. Nimezungumza na Baba kwa simu. Anasema hakuna mwalimu. Anasema sakafu aliibadilisha yeye mwenyewe kwa mbao mpya mwaka juzi, na possamu mmoja aliyekuwapo ulimpika.

Kama hutaki mimi niingie nyumba ile, niambie wewe kwa mdomo wako. Sitakasirika.

Mereana

*

Sydney, 14 Julai 1991

Shangazi Pare,

Shikamoo. Wiki sita sasa sijapata barua. Leo ni mwaka tangu Bibi aondoke. Nimewasha mshumaa, kasuku akauzima kwa mabawa.

Bodi imeandika. Wanataka barua ya mwenye nyumba kufikia mwisho wa Septemba, la sivyo wanamwita wa tano. Lakini hata hilo liache. Niandikie tu kwamba u mzima.

Mereana

*

Te Kōpua, 11 Agosti 1991

Mereana,

Mimi mzima. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana, kwa hiyo leo salamu utanisamehe.

Mwishoni mwa Mei lilikuja boksi la kanda mpya kutoka Gisborne. Moja ina nyumba kubwa kwenye jalada, imetengenezwa huko kwenu Sydney. Nikasema hii naijaribu kabla ya Tūroa. Saa nane, mapazia, chai. Katikati yake binti anapanda ngazi na tochi, na mwanga unapita juu ya picha za marehemu wa nyumba ile, zimepangwa ukutani. Mzee mwenye ndevu. Mama wa gauni jeusi. Mtoto. Picha ya saba ni wewe.

Niliisimamisha kanda. Nikairudisha nyuma. Ni wewe, na fulana ya kijani aliyokufumia Bibi yako, unacheka.

Mereana, picha ya aliye hai haikai ukuta mmoja na picha za waliokufa. Hilo ulilijua kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Babu yako alipokufa ulikuwa na miaka sita, na ni wewe uliyenivuta sketi ukaniambia, "Shangazi, toa picha yako ya harusi pale, Babu anawekwa." Sasa nani aliyekuweka wewe pale? Na wewe ulikuwa wapi anapokuweka?

Kanda nimeificha chini ya unga. Sikumwazima mtu. Nilimwendea Kereama nikamwambia akuombee, sikumwambia sababu. Miezi miwili nimekuwa nikisikia simu ya duka ikilia nasema basi, ndiyo hiyo, wananiambia umekufa. Ndiyo maana sikuandika. Niliogopa kuandika jina lako juu ya bahasha.

Nijibu upesi, na unijibu ukweli.

Parehuia

*

Sydney, 25 Agosti 1991

Shangazi,

Shikamoo. Ni mzima, siumwi kitu. Nimelia sana, lakini ni mzima.

Homa haikuwapo. Njia ya mwongo fupi, na yangu imeishia kwenye rafu yako ya video.

Ile ndiyo filamu ya kwanza waliyoniajiri kwa mwezi mzima. Baba alipiga simu Jumanne asubuhi kusema Bibi amefariki na maziko ni Ijumaa. Nauli nilikuwa nayo. Nilimwendea bosi, Bwana Lorimer, nikamwambia nataka siku nne. Akasema nenda, lakini usirudi. Nikasimama pale nikiwa na koti mkononi. Halafu nikalitundika tena.

Ijumaa, saa mnayoshusha jeneza, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nikivuta kamba inayofungua mlango wa mzimu. Niliivuta mara kumi na moja mpaka waridhike. Mchana mpambaji wa ukuta akaja akasema amepungukiwa na picha moja, anataka sura ya mtumishi wa nyumba, nani ana picha. Nilikuwa nayo kwenye pochi. Nilijua, Shangazi. Usinitafutie udhuru kwamba nilisahau mila. Nilijua kabisa, nikaitoa, nikasema moyoni kwamba huku ni Sydney, ukuta ni mbao na karatasi, na Bibi yuko mbali hataniona. Wala sikupenda wanione mshamba.

Tangu siku hiyo nikilala naota mlango ule. Unafunguka, na ndani hakuna mtu, kuna kamba tu.

Sasa unajua. Ukisema nyumba ya Bibi haiwezi kuingiwa na mtu kama mimi, nitakuelewa, na nitawaandikia bodi wamwite wa tano. Ila nadhani niliandika jina la nyumba ile kwenye fomu kwa sababu sikuujua mlango mwingine wa kurudia nyumbani.

Mereana

*

Te Kōpua, 10 Septemba 1991

Mwanangu Mereana,

Marahaba, na ahsante Mungu. Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma kwenye ghala la duka, juu ya gunia la sukari, nimejifungia. Nilikasirika mpaka chakula cha mchana. Halafu nikakumbuka ya kwangu, hasira ikakosa pa kukaa.

Uliniambia niseme kwa mdomo wangu. Nasema.

Wiki ile ya mwisho Bibi yako alikuwa akilala na kuamka. Kila akifumbua macho anauliza, "Mereana kafika?" Nasema bado. Siku ya mwisho aliuliza tena, na nikamwona hana muda. Nikasema, "Yuko njiani, Mama. Amevuka daraja." Akatabasamu. Akasema, "Basi mlango wangu usifungwe, nitamngoja." Ikawa ndiyo kauli yake ya mwisho. Nilimwongopea mtu anayekufa, tena mama yangu.

Tulipotoka makaburini Kereama akatangulia kuikanyaga nyumba. Ukumbi, jiko, chumba chako. Tulipofika chumba cha Mama nikasimama mlangoni nikatandaza mikono nikasema hapa hampiti. Kereama akaniambia taratibu, "Parehuia, nyumba haikanyagwi nusu." Nikasema hii itakanyagwa nusu. Nitamfukuzaje na anangoja mtu niliyemwambia yuko darajani? Wakaniacha. Watu waliniheshimu, wakadhani ni uchungu.

Nikafunga chumba kwa kufuli, ingawa Mama alisema kisifungwe, na ufunguo ninao shingoni. Sakafu ni mpya, possamu nilimpika, mwalimu sijawahi kumwona. Nilikuwa naogopa wageni wa kamera wafungue, na naogopa zaidi wewe ufungue ukute uongo niliomwambia Mama kwa jina lako. Kwa mwaka mzima nalala sebuleni kwenye kochi. Maji ya chai nachemsha ya vikombe viwili. Mlango ule ukilia nasema subiri, Mama, anakuja. Kumbe yale mambo ya kwenye kanda nimeyafanya mwenyewe. Mzimu ni mtu aliyeahidiwa kitu, Mereana. Ndiyo maana hatuchoki kuwatazama. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemwahidi.

Barua ya bodi niliyotia saini iko humu ndani. Nyumba ni yako kwa siku nne. Lakini njoo siku moja kabla ya kamera, na uje na mikono mitupu.

Shangazi yako,
Pare

*

Sydney, 8 Desemba 1991

Shangazi Pare,

Shikamoo. Nimefika salama. Kasuku alikuwa ameachiwa mwenzangu, sasa anakohoa kama yeye. Mkate wako wa kukaanga uliisha kabla ndege haijatua, nilimgawia na bibi wa kiti cha jirani.

Uliniambia nikuandikie jinsi siku ile ilivyokwenda, kwa sababu wewe ulikuwa unalia na hukuona vizuri. Nimekaa chini, naandika.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, kuna jua. Mchungaji Kereama alitangulia na bakuli la maji, wewe nyuma yake, mimi nimeshika kiuno cha gauni lako kama nilivyokuwa nikifanya utotoni, Baba nyuma yangu, na Tūroa akiwa mlinzi wa mwisho. Alisema anakaa nyuma ili mtu asiogope. Tukapita ukumbi, jiko, chumba changu. Kwenye mlango wa Bibi ukavua ufunguo shingoni, ukashindwa kuutia. Nikakusaidia.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kitu alichokuwa akikifuma kwa sufu ya kijani kilikuwa juu ya kiti, sindano bado zimo. Ulisimama katikati ya chumba ukanishika mkono ukauinua, kama refa anavyomwinua bondia aliyeshinda, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Mama, Mereana kafika."

Mimi nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Nikasema tu, "Bibi, nisamehe, nimechelewa." Halafu nikaeleza yote, kamba, picha, homa ya uongo, mbele ya Mchungaji na Baba na Tūroa. Hakuna kitu kilichotokea. Pazia halikutikisika. Mlango haukulia. Nilikuwa nangoja jambo, kama mjinga wa kwenye filamu, na jambo lenyewe lilikuwa ule ukimya. Chumba kilikuwa chumba tu. Mchungaji akamwaga maji pembe zote nne, akaninyunyizia na mimi kichwani mara mbili, ya pili akasema ni ya ile picha. Tukakanyaga, Shangazi. Tulikanyaga mpaka ubao mmoja wa Baba ukalegea.

Kisha tumbo la Tūroa likanguruma, na wewe ukacheka huku unalia. Tukaleta sufuria mlemle chumbani, nguruwe, mboga, viazi, tukala tumekaa juu ya kitanda cha Bibi. Sijawahi kula chakula kitamu hivyo.

Kuhusu kamera, kesho yake niliichana hadithi yangu ya moto mbele ya wenzangu, wakadhani nimerukwa na akili. Ulisema utaigiza wewe kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Doug wa kamera ameniambia amefanya kazi na waigizaji wa kulipwa ambao hawajui kuutazama mlango uliofungwa kama wewe unavyoutazama. Tena alikataa kulala katika nyumba ile, akaenda kulala ukumbi wa marae, pale ukoo wetu unapokutania, pamoja na wengine. Hukumwambia kwamba imeshakanyagwa, nami sikumwambia. Woga wake ulitufaa.

Naihariri sasa. Mchungaji aliinyunyizia ile kanda iliyokuwa chini ya unga? Baba anasema aliinyunyizia mpaka mashine ikagoma kuicheza.

Mtoto wako,
Mereana

*

Sydney, 23 Februari 1992

Shangazi,

Shikamoo! Nitaandika haraka, posta inafunga.

Zimeonyeshwa zote nne jana katika ukumbi wa watu mia nne. Yetu ilikuwa ya mwisho. Pale unapoweka vikombe viwili mezani kila siku, ukumbi ulikuwa unacheka kidogo. Siku ya tatu unaporudi na kukuta kikombe cha pili kina tone la chai chini, walipiga ukelele watu wote mia nne kwa mpigo mmoja, mwanamke wa mbele yangu akamwaga karanga zake. Halafu, badala ya kukimbia, unavuta kiti, unakaa mbele ya mlango uliofungwa, unauliza, "Haya, unataka nini?" Na ulipoinua mkono wa yule binti anayeigiza mimi, nikawasikia wanalia. Walikuja kuogopa, wakalia, wakaondoka wanacheka. Walisimama kupiga makofi mpaka nikaona aibu. Tumekuwa wa kwanza, Shangazi. Wa kwanza kati ya wanne, na bodi inataka filamu ndefu, ya saa moja na nusu, nyumba ileile.

Bwana Lorimer alikuwapo, safu ya tatu. Alikuja kunipa mkono. Alitaka kujua mlango wa mwisho ulifunguliwaje, maana alitafuta kamba hakuiona.

Nikamwambia, "Alifungua mwenye nyumba."

Kanda yenu iko kwenye boksi hili. Onyesha kwanza kwa watu wa nyumbani kabla ya kuiweka rafuni.

Mereana

*

Te Kōpua, 15 Machi 1992

Mereana, mwanangu, wa kwanza kati ya mia mbili,

Marahaba mara mia. Barua yako niliisoma dukani kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, sikuikunja popote. Kereama aliniomba niirudie, nikairudia. Viazi mwaka huu ni vidogo, wala sijali.

Tuliionyesha Jumamosi katika ukumbi wa kulia chakula wa marae, saa nane mchana, kwa heshima ya desturi yetu. Tulifunga madirisha kwa mablanketi. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya meza za vyombo. Tūroa alisimama mlangoni akitangaza kwamba yeye ameshaona chumba chenyewe, amekula humo, hakuna la kumtisha. Kilipokuja kile kikombe aliruka akaangukia mapipa ya jikoni, na sufuria zote zikaja chini, na hapo ndipo watu walipopiga kelele za kweli. Mkewe alisema sasa amejua kanda zile anamchukulia nani. Tumemcheka wiki nzima, yeye mwenyewe anacheka kuliko wote.

Nilipojiona pale kwenye shuka tuliyotundika ukutani nikiuliza unataka nini, nilimsikia Mama. Si mzimu. Nilisikia sauti yake katika yangu, nikajua ameshafika anakokwenda. Watu walisimama, Mereana. Kuimba kulianza nyuma, wazee wakaupokea wimbo, wakaliita jina lako na jina la Bibi yako pamoja, na safari hii hakuna aliyesema mmoja wao hayupo.

Sasa sikia matokeo yake. Watoto wa shule hawapiti tena mbele ya nyumba ile, wanazunguka kupitia kijitoni. Jana gari limekuja kutoka Gisborne, vijana wanne, wakasimama mbali wakapiga picha. Nilipotoka kuwakaribisha chai wakawasha gari wakakimbia. Mwenye kusoma mita ya umeme ananiomba nimsomee mwenyewe nimpigie simu. Bonde zima linaiogopa nyumba pekee ambayo mimi najua kwa hakika haina mzimu hata wa dawa.

Waambie hao wa bodi waje, wakati wowote. Nimehamia chumba cha Mama. Alichokuwa akikifuma nimekimalizia, ni fulana, saizi yako, ninaituma. Juzi mlango ulilia nikiwa nimejilaza. Niliamka, nikatazama, ni upepo. Nikaufunga, nikarudi kulala katikati ya kitanda.

Asubuhi nilichemsha maji ya kikombe kimoja.

Shangazi yako,
Parehuia